Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na shangazi

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)



Juma lililopita niliandikiwa barua. Si ujumbe wa simu, ni barua hasa, kurasa mbili za daftari la shule, iliyoletwa mlangoni kwetu na kijana wa bodaboda. Mwandishi wake ni mama mmoja wa Temeke. Analea watoto watatu wa kaka yake tangu kaka huyo alipokwenda mbali kutafuta maisha. Anawapikia, anawasomesha, anakesha nao wanapougua. Jioni moja alikaa nao kusikiliza mchezo wa kuchekesha, na katika mchezo huo, kama kawaida, mtu mbaya alikuwa shangazi: mchoyo, msengenyaji, mwenye kuingilia ndoa za watu. Watoto wakacheka. Kisha wakamtazama yeye, wakacheka tena.

"Naomba unijibu," ameandika, "kwa nini siku zote ni shangazi? Na Wazungu nao huwacheka shangazi zao, au ni sisi tu?"

Nilipoanza kuisoma barua hiyo nilitabasamu. Nilipoimaliza nilikuwa nimeacha kutabasamu. Basi leo namjibu.

Nianze na swali la pili kwa kuwa ni jepesi. Ndiyo mama, Wazungu nao huwacheka, na Waingereza wamelifanya jambo hilo kuwa kazi ya sanaa. Swali la kwanza, lile la kwa nini, ndilo lenye uzito. Nitalijibu kwa kumtumia shangazi mmoja wa vitabuni ambaye kwa Waingereza jina lake limekuwa kama methali. Anaitwa Shangazi Agatha.

Shangazi Agatha ni mtu wa kubuniwa. Aliyembuni ni mwandishi Mwingereza P. G. Wodehouse, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1975 akiwa na miaka 93, baada ya kuandika vitabu zaidi ya 90. Hadithi zake zinazopendwa sana zinasimuliwa na kijana aitwaye Bertie Wooster. Bertie ni yatima. Ana fedha za urithi, hana kazi, ana klabu yake ya kustarehe mjini London, na akili zake si nyingi. Mwenye akili ni mtumishi wake, Jeeves, ambaye huzinyoosha nguo za bwana wake na kumtoa katika kila shimo analotumbukia. Waliopata kuona mfululizo wa televisheni uliotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1990 na 1993 watawakumbuka: Hugh Laurie alikuwa Bertie, na Stephen Fry alikuwa Jeeves.

Na je, mashimo hayo huchimbwa na nani? Mara nyingi huchimbwa na shangazi. Agatha alitokea mara ya kwanza katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1915. Bertie hajapata hata kifungua kinywa, shangazi yuko mlangoni. Ni mwanamke mrefu, mwenye pua kama mdomo wa tai na nywele zilizojaa mvi. Haji kuomba, anakuja kuamuru: Bertie apande meli aende New York akamzuie binamu yake asimwoe msichana wa jukwaani. Bertie anakwenda. Huko anashindwa kabisa kazi aliyotumwa, na mwisho wa hadithi anaona ni heri abaki huko huko Marekani kuliko kurudi London kutoa ripoti.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda kwa miaka mingi inayofuata. Agatha ana ajenda moja kubwa, nayo ni kumwoza Bertie. Anataka mwanamke mwenye msimamo, atakayemfinyanga upya huyo mpwa asiye na faida. Mmoja wa aliowachagua ni Honoria Glossop, binti wa daktari mashuhuri wa maradhi ya akili, msichana mwenye afya ya mwanamichezo na kicheko cha kutikisa madirisha. Bertie anamwogopa binti huyo kama homa. Lakini je, anamwambia shangazi yake hapana? La hasha. Anaitika, anainama, kisha anakimbilia kwa Jeeves.

Hapa ndugu msomaji tusimame kidogo. Bertie ni mtu mzima. Analala kwake, anakula chakula chake, na fedha zake ni zake. Shangazi hashiki fimbo wala funguo za sanduku. Kwa nini basi amwogope hivyo? Wodehouse hakuandika jibu la moja kwa moja, kwani yeye alikuwa mwandishi wa kuchekesha, si mhubiri. Lakini jibu limo katika maisha yake mwenyewe.

Baba yake Wodehouse alikuwa hakimu Hong Kong, wakati huo koloni la Uingereza. Mama yake alikuwa naye huko. Mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka miwili hivi alipoachwa Uingereza pamoja na kaka zake wawili, chini ya yaya aliyeajiriwa. Baada ya yaya ikafuata shule ya bweni, na baada ya hiyo nyingine. Shule zilipofungwa, watoto hao walizungushwa kwa ndugu, na ndugu hawakuwa haba: mashangazi na wajomba kwa makumi, baadhi yao wakeze makasisi wa vijijini. Walioandika habari za maisha yake wanasema kwamba kati ya umri wa miaka mitatu na kumi na mitano, muda wote alioishi na wazazi wake ukijumlishwa ni kama miezi sita tu. Miezi sita katika miaka kumi na miwili!

Wala haikuwa ukatili wa wazazi hao peke yao. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa dola ya Kiingereza. Wafanyakazi wake wa makoloni waliamini kwamba joto na magonjwa ya huko yangewaua watoto wao, na kwamba mtoto asiyesoma Uingereza hatakuwa Mwingereza kamili. Basi mtoto alirudishwa nyumbani angali mdogo, na mzazi alibaki ng'ambo kutawala watu wengine. Sisi tuliotawaliwa tumezoea kuuhesabu ukoloni kwa upande wetu tu, na tuna haki. Lakini nyuma ya yule hakimu mwenye kofia nyeupe mara nyingi palikuwa na mtoto wake mwenyewe, maili elfu kadhaa mbali, akipangiwa wakati wa kuoga na mwanamke asiye mama yake.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika Uingereza ya enzi hizo, asiyefunzwa na mamaye alifunzwa na shangazi.

Na Wodehouse hakuwa peke yake. Rudyard Kipling alizaliwa Bombay mwaka 1865. Kabla hajatimiza miaka sita, yeye na dada yake waliachwa Uingereza katika mji wa Southsea, kwa familia iliyolipwa kuwatunza. Hawakuwa na udugu wowote na mwanamke wa nyumba ile, lakini alipoiandika habari hiyo kama hadithi mwaka 1888, mwanamke mkatili wa hadithi alimpa cheo hicho hicho: shangazi. Yuko pia H. H. Munro, ajulikanaye kwa jina la Saki. Yeye alizaliwa Burma mwaka 1870, mama yake akafa naye angali mchanga, na baba akamrudisha Uingereza katika mkoa wa Devon kwa bibi yake na shangazi wawili. Alipokua akaandika hadithi fupi ambamo shangazi anatumbukia ndani ya tangi la maji ya mvua. Anamwita mtoto amtoe, na mtoto anamjibu kwa adabu zote kwamba hawezi, kwani huenda sauti ile ni ya Shetani anayemjaribu avunje amri ya shangazi.

Burma, Bombay, Hong Kong. Waandishi watatu, na wazazi watatu waliokuwa ng'ambo. Sisemi kwamba kila shangazi wa vitabu vya Kiingereza alizaliwa hivyo. Oscar Wilde, Mwairishi, hakuwa mtoto wa koloni la mbali, na katika mchezo wake wa mwaka 1895 yumo Lady Bracknell, shangazi wa kijana Algernon, anayemhoji mchumba wa binti yake kuhusu kipato, nyumba na ukoo kama karani wa benki anayechunguza mwombaji wa mkopo. Huyo ni shangazi mlinda mali na jina la ukoo, mlinda lango la ndoa. Wodehouse alimchukua mlinda lango huyo, akamchanganya na hofu yake ya utotoni, na hapo akampata Agatha.

Sasa nieleze jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona upesi kuliko Mwingereza mwenyewe. Kiingereza ni maskini katika hesabu ya ndugu. Dada wa baba na dada wa mama wote wanaitwa kwa neno moja. Kwetu dada wa baba ni shangazi, na dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo kwa kufuata umri. Katika hadithi, Agatha ni dada wa marehemu baba yake Bertie, yaani ni shangazi kamili. Lakini Wodehouse mwenyewe alikiri katika barua yake kwamba Agatha ni Mary Deane, aliyemsumbua sana utotoni. Na Mary Deane alikuwa nani? Alikuwa dada wa mama yake.

Umeona, ndugu msomaji? Kwa Kiswahili, Mary Deane hakuwa shangazi hata kidogo. Alikuwa mama. Wodehouse alimwondoa upande wa mama akampeleka upande wa baba, na kwa kuwa lugha yake haina mpaka hapo, wasomaji wake hawakuwa na sababu ya kushtuka. Sijui kama yeye mwenyewe alifahamu alichokifanya. Nionavyo mimi, mtoto aliyeachwa hawezi kumkasirikia mama asiyekuwepo, kwa sababu bado anamngoja. Humkasirikia mtu aliyepo, yule anayemwambia anawe mikono. Hasira ya mama hulipwa na shangazi.

Hapo ndipo Bertie anapoeleweka. Haogopi uwezo alio nao Agatha leo. Anaogopa uwezo aliokuwa nao jana, yeye alipokuwa na kimo cha meza. Mtu aliyekulea kwa hofu hana haja ya kukushikia fimbo tena ukubwani, kwani fimbo aliiacha ndani yako.

Kicheko basi ni jibu la mtoto huyo, limechelewa miaka ishirini. Hadithi moja inalionyesha jambo hili vizuri kuliko zote. Ni ya mwaka 1922. Agatha yuko hotelini katika mji wa kitalii Ufaransa, na amempatia Bertie mchumba mwingine, msichana mpole, dada wa kasisi. Ghafla lulu za Agatha zinapotea. Bila uchunguzi wowote anamshika msichana anayesafisha vyumba, anamwita mwizi mbele ya meneja, na msichana analia. Kumbe wezi ni yule kasisi na yule dada mpole, matapeli wawili wanaotafutwa. Jeeves amewatambua, na lulu amekwisha kuzirudisha mkononi mwa Bertie.

Bertie anaingia chumbani na lulu mfukoni. Angeweza kumkabidhi shangazi yake faraghani na kuifunika aibu yake. Hafanyi hivyo. Anajifanya anatafuta, anavuta mtoto wa meza, na hizo hapo lulu, kana kwamba zilikuwemo siku zote! Kisha, mbele ya meneja na msichana, anamkumbusha shangazi yake kwamba kumsingizia mtu wizi kuna sheria zake. Kwa mara ya kwanza Agatha anakosa neno. Katika vitabu hivyo vyote, sidhani kama Bertie alipata saa tamu kuliko ile.

Nilipoisoma hadithi hii mara ya kwanza, katika kitabu cha mtumba nilichokinunua barabarani, sikucheka. Nitakwambia sababu.

Mimi nami nililelewa na shangazi kwa miaka minne, pale baba alipohamishwa kikazi na nyumba ya kuishi na watoto haikupatikana. Alikuwa mwanamke mkali, msafi, asiyekawia kusali wala kuchapa. Siku moja hereni yake ya dhahabu ilipotea. Msichana wa kazi alikuwa na miaka kama kumi na sita. Alipekuliwa, akatukanwa, akaondoka jioni ile na mfuko wake wa plastiki, na mshahara wa mwezi hakupewa. Wiki tatu baadaye nilimwona shangazi akiukung'uta mfuko wa gauni lake la sikukuu, na hereni ikadondoka sakafuni. Alinitazama. Nilimtazama. Akaiokota akaivaa, na chakula cha mchana kikapakuliwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikusema neno siku ile, wala mwaka uliofuata, wala nilipokuwa mtangazaji ambaye kazi yake ni kusema. Hakuna aliyevuta mtoto wa meza mbele ya yule msichana. Ndiyo maana kile Waingereza wanachokisoma kama kichekesho, mimi nilikisoma kama deni.

Wodehouse naye, nadhani, aliendelea kulipa deni lake. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 67, alichapisha riwaya inayoitwa The Mating Season. Humo Bertie anajikuta katika nyumba kubwa yenye mashangazi watano. Sio wake, ni wa mwenye nyumba, jitu la miraba minne linaloitwa Esmond Haddock, ambalo mbele ya wanawake hao hunywea kama paka aliyenyeshewa. Lakini siku Haddock anaposhangiliwa na kijiji kizima kwa wimbo alioimba jukwaani, anapata moyo, na anawaambia mashangazi wake wote watano kwamba hataki tena kutawaliwa. Muda si muda Shangazi Agatha mwenyewe anawasili. Bertie yuko ghorofani, na Jeeves anampa ushauri wa kawaida: kuna bomba la maji nje ya dirisha, bwana anaweza kuteremkia hapo. Kwa mara moja Bertie anaukataa ushauri wa Jeeves. Anasema atashuka kwa ngazi akamkabili. Anakwenda mlangoni, na kitabu kinaishia hapo.

Ona jambo hilo. Hatuambiwi alisema nini kule chini. Ilimchukua mwandishi miaka 34, tangu mwaka 1915, kumfikisha Bertie mlangoni tu.

Sasa nirudi kwa mama wa Temeke, maana nimemwacha anangoja. Mama, nimekueleza kwa nini shangazi huchekwa. Huchekwa kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Mzazi aliye mbali hutuma zawadi na picha, na mtoto humpenda bila kasoro, kwa kuwa hajawahi kukataliwa chochote naye. Anayesema lala, anayesema hapana, anayeficha sukari, ndiye hupata jina baya. Mary Deane hakuolewa, na alikuwa mwandishi wa vitabu. Watoto wa dada yake waliletwa likizo baada ya likizo, na nadhani hakuna aliyekaa naye chini kumwuliza kama anataka. Aliifanya kazi iliyoachwa na wengine, na ujira wake ukawa kuchekwa na dunia kwa zaidi ya miaka mia moja. Sisemi alikuwa malaika. Nasema hesabu yake haijawahi kusomwa kwa upande wake.

Tena usikate tamaa, kwani Wodehouse hakuandika shangazi mmoja tu. Yuko Shangazi Dahlia, dada mwingine wa baba yake Bertie, mwenye sauti iliyokomaa mashambani kwa kuwinda mbweha na farasi na mbwa. Naye humwamuru mpwa wake. Katika riwaya ya mwaka 1938 anamtuma akaibe kijagi cha fedha chenye umbo la ng'ombe, na kumtisha kwamba akikataa hataonja tena vyakula vya mpishi wake Mfaransa. Humwita majina ambayo siwezi kuyasoma redioni. Lakini Bertie hamkimbii, humkimbilia. Tofauti ni nini? Wote wawili ni wakali, wote wawili huamuru. Ila Dahlia hucheka pamoja naye, na anapokosa, hukosa waziwazi, mbele ya kila mtu. Agatha hajawahi kukosa. Aliumbuliwa mara moja, na hata siku ile hakusema samahani.

Nadhani ufunguo uko hapo, mama. Watoto hao watatu wakikucheka, sikia kwanza ni kicheko cha namna gani. Wakicheka ukiwepo, wakakutazama usoni kama ulivyoandika, hiyo si dharau. Bertie hakuwahi kumcheka Agatha usoni. Alithubutu kwetu sisi wasomaji tu. Kicheko cha kuhofia ni kile kinachokoma ukiingia.

Na mimi? Mwaka juzi nilikwenda Tanga kumwona shangazi. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, ila hereni bado anavaa. Tulikunywa chai. Nikamwuliza kama anamkumbuka yule msichana. Alinyamaza kitambo kirefu, akiigusagusa ile hereni. Kisha akasema, "Alikuwa anapika wali mzuri yule mtoto. Sikumtendea haki." Basi, maneno hayo tu. Hayakumfikia aliyestahili kuyasikia, na pengine hayatamfikia kamwe. Lakini kwangu yalikuwa kama mtoto wa meza uliovutwa baada ya zaidi ya miaka thelathini. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Ahsante shangazi kwa kunilea." Hilo nalo sikuwahi kulisema.

Kama unaye aliyekulea ambaye si mama yako, na bado yuko hai, usingoje hadi ufike mlangoni na kitabu kiishe. Shuka ngazi.

Tukutane tena Jumapili ijayo, panapo majaliwa.